Kitako, Mwili na Utulivu wa Nia: Uboreshaji wa Alama katika Ulengaji wa Visahani vya Udongo kwa Kuzingatia Mazingira ya Kagoma, Mkoani Kagera

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mlengaji wa visahani vya udongo anavyoweza kuongeza alama zake kupitia mambo matatu: ulinganifu wa bunduki na mwili, mbinu ya ulengaji na utulivu wa nia. Hoja kuu ni kwamba mambo hayo yana mpangilio wake, na kwamba mpangilio huo una uzito zaidi pale ambapo risasi ni chache na ghali. Kagoma, katika ukanda wa Bukoba na Muleba, imechukuliwa kuwa kielelezo cha mazingira ya namna hiyo. Makala yanahitimisha kuwa sehemu kubwa ya maendeleo ya mlengaji inaweza kupatikana kabla hajafyatua risasi hata moja.

1.0 Utangulizi

Ulengaji wa ndege kwa bunduki si habari ngeni katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipokelewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe, na mwaka uliofuata alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1863 kinasimulia jinsi Kabaka alivyovutiwa na bunduki na ulengaji wa ndege. Wakati huo uwindaji katika eneo hili ulitegemea zaidi mkuki na mbwa, na ustadi wake ulikuwa wa kusogelea mnyama. Bunduki ilileta swali jipya: namna ya kukipata kitu kilicho mbali na ambacho hakikai mahali pamoja.

Swali hilo ndilo kiini cha mchezo wa trapu. Mchezo huu ulianzia Uingereza kwa kulenga njiwa hai waliofunguliwa kutoka vizimbani. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, alibuni kisahani cha udongo kilichochukua nafasi ya njiwa. Trapu iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1900 mjini Paris.

Katika trapu ya Olimpiki, mashine 15 hukaa ndani ya handaki lililo mita 15 mbele ya vituo vitano vya walengaji. Kila kituo kina mashine tatu, na mlengaji hajui ni ipi itakayorusha. Akitoa sauti, kisahani chenye kipenyo cha milimita 110 na uzito wa takribani gramu 105 huruka kikimkimbia, kikielekea kushoto, kulia au mbele. Mzunguko mmoja una visahani 25, na hatua ya mchujo ina visahani 125. Risasi hairuhusiwi kuwa na zaidi ya gramu 24 za marisau. Kisahani kikivunjika ni alama moja. Kisipovunjika ni sifuri.

2.0 Tatizo la Risasi Chache

Mafunzo ya mchezo huu katika nchi tajiri hujengwa juu ya wingi: mwanafunzi hufyatua mamia ya risasi kwa juma, na makosa hurekebishwa polepole kwa marudio. Njia hiyo haiwezi kuhamishiwa Kagoma kama ilivyo. Risasi ni ghali, na umiliki wa bunduki hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayodai leseni. Mwanafunzi mwenye risasi chache hawezi kuzitumia kutafuta kosa lake kwa kubahatisha. Anapaswa kufika uwanjani akiwa amekwisha kuondoa makosa yote yanayoweza kuondolewa bila risasi.

Kwa mantiki hiyo, swali la kwanza la mafunzo linabadilika. Badala ya kuuliza mwanafunzi afyatue mara ngapi, mkufunzi huuliza ni kosa gani linaloweza kuonekana na kupimwa kabla ya kufyatua. Kosa la kwanza la aina hiyo limo katika kitako.

3.0 Ulinganifu wa Bunduki na Mwili

Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma kama ya risasi moja. Ina shanga ndogo tu kwenye mdomo wa mtutu. Jicho la mlengaji ndilo linalokuwa kilengeo cha nyuma, na mahali pa jicho hupangwa na kitako: shavu linapolala juu ya mgongo wa kitako, jicho hukaa hapo kitako kinapotaka likae. Kitako kisipolingana na mwili, mlengaji hulenga vibaya huku akiamini kwamba amelenga vizuri.

Ukubwa wa kosa hilo unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Chukulia kuwa kutoka jicho hadi shanga ni mita moja, na kisahani kiko mita 32. Jicho likipanda milimita 5 juu ya mahali pake, marisau yatapita takribani sentimita 16 juu ya palipokusudiwa. Kiasi hicho kinazidi upana wa kisahani chenyewe. Milimita 5 hizo hazihisiwi na shavu, wala haziondolewi kwa juhudi.

Vipimo vinne ndivyo vinavyohusika. Cha kwanza ni urefu wa kitako, kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kikiwa kirefu mno hunasa nguo kwapani wakati wa kupandisha. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba hugonga pua wakati wa mshindo. Cha pili ni kimo cha mgongo wa kitako, kinachoamua jicho liwe juu au chini. Cha tatu ni mkengeuko wa kitako kwenda kulia au kushoto, unaoliweka jicho katika mstari mmoja na mtutu. Cha nne ni mwinamo wa sehemu inayogusa bega, unaoamua kama mshindo utasambaa au utaumiza nukta moja.

Bunduki nyingi hutengenezwa kwa kufuata mwili wa wastani wa mwanamume mzima wa nchi nyingine. Mwanamke, kijana au mtu mwenye shingo ndefu huikuta haimfai, kisha huambiwa kuwa hana shabaha. Hukumu hiyo ni dhuluma, kwani kinachopaswa kupimwa kwanza ni kitako. Kipimo chenyewe kinahitaji risasi chache: mlengaji hupandisha bunduki akiwa amefumba macho, huyafumbua, na mkufunzi huangalia kama jicho liko katikati ya mtutu. Kisha risasi nne au tano hufyatuliwa kwenye karatasi kubwa iliyowekwa alama, na kitovu cha marisau huonyesha kosa liko upande gani. Fundi stadi anaweza kusahihisha kitako kwa kukipunguza, kukiongeza pedi au kukiinua mgongo.

Pamoja na hayo, jicho tawala lazima litambuliwe mapema. Mtu anayetumia bega la kulia huku jicho lake tawala likiwa la kushoto atakosa kwa utaratibu uleule kila siku. Huyo huhamia bega la kushoto, au hufunika sehemu ya kioo cha miwani mbele ya jicho la kushoto.

4.0 Mbinu ya Ulengaji

Marisau huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika umbali wa mita 32. Kisahani kinachokwenda kando kwa mita 15 kwa sekunde kitakuwa kimesogea mita moja na nusu katika muda huo. Mlengaji anayefyatua pale kisahani kilipo hufyatua pale kilipokuwa. Ndiyo maana mtutu hutakiwa kutoka nyuma ya kisahani, ukifuata njia yake, ukipite, na kuendelea kusogea hata baada ya kifyatulio kuvutwa. Kosa la kawaida la anayeanza ni kusimamisha mtutu ili ahakikishe.

Msogeo huo hutoka kiunoni. Miguu huachana kwa upana usiozidi mabega, uzito huegemea kidogo mguu wa mbele, na mwili wote huzunguka pamoja na bunduki. Mikono ikisogea peke yake, shavu huachana na kitako, na jicho hupoteza mahali palipopimwa kwa taabu. Macho nayo hutazama kisahani tu. Anayerudi kuangalia shanga hupunguza mwendo wa mtutu bila kujua.

Msogeo huu unaweza kufanyiwa mazoezi bila silaha. Kipande cha ubao kilichokatwa kwa vipimo vya kitako cha mwanafunzi kinatosha kumfundisha kuleta mgongo wa kitako shavuni na kuzunguka kwa kiuno, akifuata mstari wa paa au wa mlima ulio mbele yake. Dakika kumi kila siku hujenga mazoea ambayo risasi chache za mwisho wa juma haziwezi kuyajenga.

5.0 Utulivu wa Nia

Mlengaji mwenye kitako sahihi na mwili uliozoea bado anaweza kushindwa na hesabu iliyomo kichwani mwake. Kisahani cha 24 hakitofautiani na cha 3, lakini anayejua kuwa hajakosa hukiona kuwa kigumu zaidi. Dawa yake ni utaratibu usiobadilika: pumzi ileile, mahali palepale pa kuelekeza macho, sauti ileile ya kuita kisahani. Utaratibu huo huishughulisha akili na tendo lililopo, nayo hukosa nafasi ya kuwaza alama.

Mifano ya Olimpiki inaonyesha kuwa kushindwa si hukumu ya mwisho. Mjini London mwaka 2012, Alessandra Perilli wa San Marino alilingana alama na wenzake wawili katika kugombea nafasi ya pili, akashindwa katika mchuano wa kuamua na kutoka bila medali. Katika Michezo ya Tokyo alipata shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Adriana Ruano wa Guatemala alishika nafasi ya 26 Tokyo. Mjini Paris mwaka 2024 alivunja visahani 45 kati ya 50 katika fainali na kuipatia nchi yake dhahabu ya kwanza. San Marino ni nchi ndogo, na Guatemala haikuwa na historia ya dhahabu. Kwa mwanafunzi wa Kagoma, somo liko katika hali hiyo.

6.0 Mahali pa Kufanyia Mazoezi

Ardhi ya Wahaya hugawanyika katika kibanja, penye migomba, mibuni na makazi, na rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo kati ya vijiji. Marisau madogo yanaweza kuruka mita 200 au zaidi kabla ya kuanguka. Hivyo kibanja hakifai kamwe kwa mchezo huu. Rweya nayo si ardhi tupu: ng'ombe hulishwa humo, na nyasi zake hukatwa kwa kufunika mashina ya migomba. Risasi ya madini ya timbi hubaki udongoni na ni sumu kwa watu na mifugo. Uwanja wowote ungehitaji idhini ya vyombo vya usalama, ridhaa ya kijiji, umbali kutoka chemchemi, na utaratibu wa kukusanya marisau na vipande vya visahani. Alama zinazopatikana kwa kuhatarisha jirani hazina thamani.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa kitako hutangulia mbinu, na mbinu hutangulia nia. Mlengaji mwenye kitako kibaya akifundishwa utulivu atakosa kwa utulivu. Mwenye kitako sahihi asiyezoeza mwili atalipoteza jicho mahali pake. Akikamilisha hayo mawili, utulivu hupata kitu cha kulinda. Inapendekezwa kuwa kila mwanafunzi awe na daftari la kuandika kila kisahani alichokosa: kituo, mwelekeo, na kama shavu lilibaki mahali pake. Baada ya mizunguko michache daftari hilo huonyesha kosa linalojirudia, na risasi inayofuata hutumiwa kwa sababu inayojulikana.