Bunia: Ekrani inayodanganya rangi inakula faida ya mchoraji

Watengenezaji wa banderoli na kalenda mjini Bunia wanaijua hasara hii. Kwenye kompyuta, bendera ya taifa ina buluu ya anga, na mteja anakubali. Kitambaa kinatoka kwenye mashini na buluu ya giza, mteja anakataa kulipa. Kuchapisha upya ni kwa mfuko wa mchoraji: wino wake, mafuta ya jenereta yake.

Lawama inapewa wino, lakini mara nyingi kosa limeanzia kwenye ekrani.

Ekrani nyingi za bei ya chini ni za aina ya TN. Ukihamisha kichwa kidogo, rangi inabadilika. Mchoraji aliyekaa na mteja aliyesimama pembeni yake hawaoni picha moja. Kwa kazi ya rangi, itafutwe aina ya IPS. Kisha iangaliwe sRGB, kipimo cha rangi ambacho HP na Microsoft walikitoa mwaka 1996 na ambacho picha nyingi za intaneti bado zinakifuata. Inayokaribia 100% inatosha. Laptopu nyingine za bei ya chini zinafikia kama 60% tu: rangi inaonekana imefifia, mchoraji anaiongeza nguvu, na karatasi inatoka inawaka kupita kiasi. Full HD au 4K, ambazo wauzaji wanazisifu kwanza, hazihusiani na ukweli wa rangi.

Wengi wananunua ekrani iliyokwisha kutumika. Hapo ni kwenda na flashi yenye picha ya uso wa mtu, bendera na kijivu kitupu, pamoja na picha hizo zikiwa zimechapishwa vizuri. Ekrani iachwe iwake nusu saa kabla ya kulipa. Kijivu kikiwa na ukijani au uwekundu ambao marekebisho hayauondoi, heri kuiacha.

Kazini, mwanga upunguzwe. Ekrani inayong'aa mno ndiyo inayofanya kila kilichochapishwa kionekane cha giza. Rangi nyeupe iwekwe kwenye 6500 K, na mwanga wake ulingane na karatasi nyeupe iliyo mezani. Kuna pia kifaa kinachowekwa juu ya ekrani kupima rangi. Kwa kuwa hakitumiki kila siku, wachoraji kadhaa wanaweza kuchangia kimoja.

Hata hivyo, wino hauwaki kama taa, na kuna buluu ambazo mashini haiwezi kuzitoa. Kwa kazi kubwa, kichapishwe kwanza kipande kidogo, na mteja atie sahihi juu yake.