Kusoma kitabu kizima, na kukisoma pamoja

Katika makanisa yetu ya Kivu na Ituri kuna wazazi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto wao afike chuo kikuu. Ni haki yao kuuliza: huko chuoni mtoto anajifunza kufanya nini? Mara nyingi jibu ni hili: ananunua silabusi ya mwalimu, anaikariri, na siku ya mtihani anairudisha kama alivyoipokea. Mtihani ukipita, anaisahau. Leo tunataka kueleza njia nyingine ya kusoma, ambayo chuo kikuu kimoja cha Kikristo huko Marekani kinaifuata tangu mwaka 1995, na kuangalia ni nini ndani yake kinachoweza kutusaidia.

Programu yenyewe

Chuo hicho kinaitwa Biola, nacho kiko California, karibu na mji wa Los Angeles. Kilianza mwaka 1908 kama shule ya Biblia. Mwaka 1995 kilifungua programu maalumu kwa wanafunzi walio tayari kusoma kwa bidii zaidi ya wengine. Ilipewa jina la R. A. Torrey, mhubiri wa injili aliyefanya kazi pamoja na D. L. Moody, kisha akaongoza masomo ya Biola katika miaka yake ya mwanzo. Leo inaitwa Torrey Honors College.

Mwanafunzi anayeingia humo haachi kazi anayoisomea. Wa uuguzi anabaki katika uuguzi, wa biashara katika biashara. Kinachobadilika ni masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi hupitia. Badala ya kusikiliza maelezo juu ya vitabu vikuu vya zamani, anavisoma vitabu vyenyewe: Homer na Plato, Augustino, Dante, Luther, Calvin, Milton, Dostoevsky, na Biblia pamoja navyo. Kisha wanafunzi na mwalimu wao wanakaa pamoja kwa karibu saa tatu na kuzungumza juu ya kile walichosoma.

Katika kikao hicho mwalimu hatoi hotuba. Anaanza na swali moja, na kazi ya kujibu ni ya wanafunzi. Anayesema jambo lazima aonyeshe ni wapi kitabuni amelipata. Anayempinga mwenzake lazima kwanza awe amemsikia vizuri. Tena wanaandika insha ndefu, na kila mmoja anajibu kwa mdomo mbele ya walimu wake. Pale hakuna silabusi ya kukariri.

Mfano mmoja

Katika kitabu chake cha Maungamo, Augustino anaeleza kwamba alipokuwa kijana wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba matunda ya pea katika mti wa jirani usiku. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na matunda mazuri kuliko yale. Mengi ya waliyoiba waliwatupia nguruwe.

Sasa mwalimu anauliza: kwa nini aliiba? Mmoja atasema ni utoto tu. Mwingine atasema ni kundi lililomvuta, kwa sababu Augustino mwenyewe anakiri kwamba peke yake asingefanya. Wa tatu atasema hapana, alipenda ubaya wenyewe. Halafu swali linageuka: na sisi je? Kijana anayejiunga na kundi linalopora nyumba ya jirani, anafuata njaa, wenzake, au kitu kingine kilicho moyoni? Kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kinaanza kutuuliza habari zetu. Hiyo ndiyo sababu kinaitwa kikuu: kila kizazi kikikisoma, kinakuta bado kuna neno lake humo.

Je, ni salama kwa imani?

Njia hii haikuanzia kanisani. John Erskine alianza kuifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, karibu na mwaka 1920, na baadaye ikafika Chicago. Vyuo vya Kikristo viliichukua baadaye. Kwa hiyo kuna ndugu wanaouliza: mtoto wetu atasoma Homer, aliyeandika juu ya miungu ya Wayunani, na imani yake itabaki?

Swali hili si la kudharau. Lakini tukumbuke Danieli. Alifundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo, akayajua kuliko wengine, wala hakuiinamia miungu yao. Tukumbuke Paulo kule Athene, katika Matendo 17, alivyotumia maneno ya watunga mashairi wa Wayunani ili kuwafikishia habari za Mungu wa kweli. Asingeweza kama hakuyajua. Tena katika sura hiyo hiyo Waberoya wanasifiwa kwa sababu walipomsikia Paulo waliyachunguza maandiko kila siku. Kuuliza kwa unyenyekevu hakukuhesabiwa kuwa ukosefu wa imani.

Hatari tunayoiona kwetu iko upande mwingine. Mtu aliyezoea kurudia tu anachoambiwa atamrudia mwalimu leo, nabii wa uongo kesho, na keshokutwa ujumbe wa simu unaosema kabila fulani ndilo adui. Katika eneo letu tunajua uvumi unaweza kufanya nini katika kijiji kwa usiku mmoja. Kijana aliyezoea kuuliza "limeandikwa wapi, na nani aliona?" hadanganywi upesi.

Je, si vitabu vya Wazungu tu?

Ni kweli kwamba orodha hizi zina upungufu. Mkusanyo mashuhuri wa vitabu vikuu uliotolewa Chicago mwaka 1952, wenye juzuu 54, haukuwa na mwandishi mwanamke hata mmoja. Na Afrika ya kusini mwa Sahara haikusikika humo.

Lakini tusimwachie mwingine kilicho chetu. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo katika nchi hiyo hiyo. Athanasi, aliyetetea kwamba Kristo ni Mungu kweli, alikuwa askofu wa Alexandria, Misri. Kanisa la Afrika lilifundisha ulimwengu. Na orodha inaweza kuongezwa: V. Y. Mudimbe, Mkongomani, alitoa mwaka 1973 riwaya Entre les eaux, juu ya padri anayejiunga na waasi akitafuta haki. Ni kitabu gani kingefaa zaidi kujadiliwa na vijana wetu?

Sisi tufanye nini?

Kusoma Biola kunagharimu zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Kwa familia zetu karibu zote hilo haliwezekani, wala si lazima. Fedha hulipa majengo na walimu, lakini mazoezi yenyewe yanahitaji kitabu, watu wachache na uvumilivu.

Tuna vyuo vyetu vya Kiprotestanti: ULPGL huko Goma, UEA huko Bukavu, Chuo Kikuu cha Shalom huko Bunia. Tuna pia faida ya lugha. Anayejua Kifaransa anaweza kumsoma Calvin na Pascal katika lugha waliyoiandika wenyewe. Anayependa Kiswahili anaweza kupata tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Katika parokia, watu sita au wanane, vijana pamoja na mzee mmoja mwenye subira, wachague kitabu kimoja. Wanaweza kuanza na Ayubu au Mhubiri, wakisome chote, si mistari iliyochaguliwa. Wakutane mara moja kwa juma. Anayeongoza alete swali moja ambalo yeye mwenyewe bado analitafakari. Kila anayesema aonyeshe mstari. Mama asiyejua kusoma asomewe kwa sauti, naye apewe nafasi ya kusema kama wengine. Wakimaliza, ndipo wachukue Augustino.

Mungu alitupa akili ili tumpende nazo. Atusaidie kuwalea watoto wanaosoma, wanaosikiliza, na wanaopima kabla ya kusema amina.