Kipanga haongozwi kwa njaa, anaongozwa kwa mizani

Wachimbaji wenzangu, na ninyi akina mama na watoto mnaotusomea gazeti jioni, leo nitawaeleza habari ya ndege. Mtanivumilia, mwisho mtaona ni habari yetu.

Msimu wa mvua uliopita, vijana wa shimo moja hapa Bihambwe walishika kipanga. Alikuwa ameumia bawa, amejikunja chini ya mikaratusi. Wakamfunga mguu kwa kamba ya nailoni, wakamweka juu ya fito nyuma ya kibanda. Walitaka apone halafu wamfundishe kuwinda. Mmoja wao alikuwa ameona kwenye telefone video ya Waarabu wakirusha ndege kutoka mkononi, na ndege anarudi. Akasema: "Siri yao njo njaa. Umunyime kula siku tatu, atakutii."

Wakamnyima siku tatu. Siku ya nne wakamtupia kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe. Akakimeza kwa pupa. Asubuhi walimkuta amekufa chini ya fito, nyama ingali kwenye mfuko wa koo, inanuka.

Neno lile la "siri yao njo njaa" halikunitoka kichwani, sababu nimelisikia mara nyingi hapa kwetu, na si juu ya ndege. Basi nikatafuta kujua wenye kazi hiyo wanafanya namna gani.

Kazi ya watu wa zamani

Kuwinda kwa kipanga ni kazi ya kale sana. Mwaka 2010 UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni wa dunia, kwa ombi la nchi 11. Kati yao kulikuwa Emirati za Kiarabu, Qatar, Saudia na Moroko, hata Ubelgiji na Ufaransa. Kule Abu Dhabi kuna hospitali kubwa ya vipanga tangu 1999: ndege anapimwa damu, anapigwa picha ya mifupa, unyoya uliovunjika unaunganishwa. Karibu zaidi na sisi, Zimbabwe na Afrika Kusini, kuna watu wanaowinda kwa vipanga wa Afrika hii yetu.

Watu hao wote wana chombo kimoja ambacho vijana wa Bihambwe hawakuwa nacho. Si glavu ya ngozi wala kamba. Ni mizani, tena mizani inayosoma gramu moja moja.

Gramu, si siku za njaa

Tusidanganyane: kipanga aliyenona harudi. Yeye si mbwa, hampendi bwana wake. Anarudi mkononi sababu anajua pale kuna chakula. Akishiba sana atakaa juu ya mti akutazame mpaka giza liingie. Hapo ndipo watu wanapokosea na kusema: basi, tumtie njaa.

Mwenye kujua kazi hafanyi hivyo. Tuseme ana kipanga jike wa gramu 1000 akiwa amenona. Anapunguza chakula kidogo kidogo, kila siku anapima. Kwa gramu 950 ndege anaanza kuruka hatua mbili tatu mpaka mkononi. Kwa gramu 900 anakuja mbio kutoka mbali, macho makali, manyoya yamelala vizuri. Bwana wake anaandika katika kaye: 900. Huo ndio uzito wa kazi wa ndege huyo. Ndege mwingine atakuwa na wake.

Akizidi kumpunguza mpaka 850, mambo yanaharibika. Ndege analia ovyo, anafumba macho mchana, anavimbisha manyoya kama mwenye baridi. Hata ukimrusha, hana nguvu za kukamata kitu. Kati ya kipanga mzuri wa kazi na kipanga mgonjwa kuna gramu 50 tu, karibu uzito wa yai moja la kuku. Na kuna vipanga wadogo wenye gramu 200 tu. Huyo akipoteza gramu 20, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Siku moja ya kusahauliwa inaweza kumuua.

Kwa hiyo wanapima kila siku, saa ile ile, kabla ya kumlisha. Wanangoja kwanza atapike kidonge cha manyoya na mifupa ya chakula cha jana, sababu kidonge hicho nacho kina uzito. Wanagusa pia mfupa wa kifua kwa vidole: ukikata kama kisu, ndege amekonda. Kisha wanaandika uzito, chakula alichokula, na kama kulikuwa baridi ao jua.

Na hili liliniingia sana: uzito wa kazi haubaki pale pale. Ndege akiruka kila siku, anajenga misuli. Baada ya majuma kadhaa bwana wake anampandisha, 910, 920, 930, na anatumika vizuri kuliko mwanzo. Siku za baridi anaongezewa. Siku aliyoruka sana anaongezewa. Anayetumika zaidi anakula zaidi.

Chakula chenyewe

Kipanga hali fufu wala maharagi. Anakula nyama, lakini si nyama tupu. Wafugaji wanampa vifaranga, kware wadogo, panya, sungura, pamoja na mifupa na manyoya. Ndege mchanga akilishwa nyama ya ng'ombe peke yake, mifupa yake inapinda, sababu nyama tupu haina chokaa ya kutosha. Njiwa wanaogopwa, wanaweza kumletea ugonjwa wa kinywa na koo. Panya aliyekufa kwa sumu anamuua. Na nyama ya mnyama aliyepigwa bunduki ni hatari pia: kipande kidogo cha risasi kikibaki ndani ya nyama, kinatia sumu katika damu yake.

Aliyekaa na njaa siku nyingi hapewi mlo mkubwa. Anapewa maji kwanza, halafu vipande vidogo visivyo na mifupa wala manyoya, kidogo kidogo. Tumbo lililolala halina nguvu ya kusaga, na chakula kinaoza kooni. Ndivyo yule wa kwetu alivyokufa. Njaa ilimdhoofisha, na shibe ya ghafula ikamaliza.

Neno kwa wenye mashimo

Wenzangu, mnajua ni wapi nimelisikia neno lile. Patron mmoja alisema mbele yetu, wala hakuona haya: "Mukiwashibisha hawa, hawatashuka tena mu shimo." Na wengi wanafikiri kama yeye. Kijana anashuka asubuhi kwa chai kavu, anapanda jioni anatetemeka. Anachokula kinaandikwa kuwa deni, na deni linakatwa kwenye kilo zake kwa mizani asiyoiona vizuri.

Mwenye kipanga angemcheka patron huyo. Njaa haimfanyi ndege atumike, inamfanya alie na kuanguka. Mtu mwenye njaa ndani ya shimo naye mikono inatetemeka, hasikii udongo unapoanza kupasuka, na akianguka anaangukia wenzake.

Sisi wa sendika tunaomba mambo matatu, na hakuna lililo kubwa. Kwanza, chakula cha moto kabla ya kushuka, si baada ya kupanda peke yake. Pili, kila timu iwe na kaye yake, mtu mmoja anayejua kuandika aandike kila jioni: kilo ngapi, chakula gani, deni gani. Kaye ya patron peke yake haitoshi. Tatu, mizani ijaribiwe mbele ya wote. Hamhitaji fundi kutoka Goma. Pimeni bidon tupu, halafu mtie litre 5 za maji safi, mpime tena. Mizani lazima ipande kilo 5 kamili. Isipopanda sawa, mmejua.

Na mkikuta tena kipanga ameumia, msimfunge kwenye fito. Mwekeni ndani ya karto yenye matundu, mahali pa giza na kimya, apumzike. Akipata nguvu mwachieni. Anakula panya wanaomaliza maharagi ya mama zetu. Kazi yake anaijua tayari.