Je, Wajua? Fuwele Ndogo Zinazovuna Jua

Paneli ya sola inayochaji simu juu ya paa huko Lubarika, katika bonde la Ruzizi, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu za jua. Miale yenye nishati ndogo huipenya silikoni ya paneli bila kuzaa umeme, na nishati ya ziada ya miale yenye nguvu hugeuka joto. Ndiyo maana seli ya tabaka moja haiwezi kuvuka takriban asilimia 33 ya ufanisi.

Wanasayansi wanatafuta suluhisho katika nukta za kwanta, yaani fuwele zenye upana wa nanomita chache tu. Ukibadili ukubwa wake, aina ya mwanga zinaoufyonza hubadilika pia. Mwaka 2011, watafiti wa Marekani walionyesha seli ya nukta hizo ikitoa elektroni zaidi ya 100 kwa kila fotoni (chembe za mwanga) 100 zenye nishati kubwa.

Mwaka 2023, Moungi Bawendi, mwenye asili ya Tunisia, alishinda Nobel ya Kemia pamoja na Louis Brus na Alexei Ekimov kwa kazi yao juu ya nukta hizi.

Kikwazo kimoja ni sumu: nukta nyingi zina risasi au kadmiamu. Paa za Lubarika zinastahili umeme mwingi, lakini ulio salama.