Kadi mama, chipseti na zamu yangu ya likelemba

Zamu yangu ya likelemba ilipofika, wamama wenzangu walidhani nitanunua mabati ya nyumba. Mimi nikatuma dolari 70 Bukavu kununua kipande cha kompyuta kidogo kuliko kiberiti. Kikaja kwa njia ndefu, kikafika Kasongo kizima, kikaingia mahali pake vizuri kabisa. Kijana wangu akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

“Mama, haiwaki.”

Niliisimulia habari hii katika mkutano wetu, na tangu siku ile wamama watatu wamenifuata, wawili wa hapa na mmoja wa Kabambare. Kila mmoja ana kijana anayeomba pesa za kuongezea kompyuta nguvu ili icheze michezo mipya. Basi niandike mara moja, tusirudie kosa langu nyumba kwa nyumba.

Kwetu kompyuta hailali. Mchana kijana anaandikia wanafunzi kazi zao za masomo, na jioni wenzake wa mtaa wanalipa kucheza mechi za mpira. Wengine watasema michezo inaharibu watoto. Mimi nasema kijana anayecheza chini ya dirisha langu, najua yuko wapi saa mbili ya usiku. Lakini michezo ya sasa ilikuwa inakwamakwama, wachezaji wanaganda kama mihogo, na wateja wakaanza kwenda kwingine. Ndiyo maana nikakubali.

Kosa langu lilikuwa kununua prosesa kabla ya kuuliza habari za kadi mama. Kadi mama ni ule ubao mkubwa ndani ya sanduku ambao kila kitu kinashikamana nao: prosesa, memori, kadi ya picha, diski. Walioipa jina hilo la mama hawakukosea. Juu ya kadi mama kuna kipande kinachoitwa chipseti. Chipseti na programu ndogo ya kuwashia mashine, ambayo mafundi wanaiita bayosi, ndizo zinazoamua ni nani apokelewe na nani akataliwe.

Wanachama wa likelemba watanielewa haraka. Mtu anaweza kupita mlangoni, akakaa kwenye benchi kati yetu, lakini kama jina lake haliko kwenye daftari la mwandishi, hapewi kitu. Prosesa yangu ilipita mlangoni. Kwenye daftari haikuwemo.

Kwa jina, kadi mama yetu ilikuwa na chipseti ya Intel H110, ya mwaka 2015. Hiyo inapokea prosesa za Core za kizazi cha 6, na za kizazi cha 7 bayosi ikiwa imesasishwa. Mimi nilinunua Core i5-8400, ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2017. Tundu la kuiwekea linaitwa 1151 kwa zote mbili, na umbo ni lile lile. Ndipo hapo watu wengi wanapoanguka. Intel walibadilisha kazi ya baadhi ya vijimiguu vya ndani, wakadai chipseti mpya za mfululizo wa 300: kwanza Z370 mwaka 2017, kisha H310, B360 na nyingine mwaka 2018. Tundu moja, familia mbili zisizooana. Muuzaji aliniambia “inaingia”, na kweli iliingia.

Kurudisha alikataa. Fundi wa hapa, kijana mpole, akanikalisha chini: “Mama, sasa prosesa unayo. Tafuta kadi mama inayoijua, usitafute tena kitu kingine.” Nadhani hiyo ndiyo sentensi iliyoniokoa. Ungekuwa hujanunua kitu bado, ungeweza pia kubaki na H110 yako na kuitafutia i5-7500 iliyotumika, yenye viini 4 badala ya 2 vya i3 yetu ya zamani, na ingetosha kwa michezo mingi ya mpira. Njia hiyo ni ya bei ndogo. Ningeijua mapema, ningeishika.

Herufi za mbele nazo zinasema kitu. Kwa Intel, H yenye tarakimu 10 mwishoni, kama H110 au H310, ni ya chini: kwa kawaida ina nafasi mbili tu za memori na matundu machache ya kuchomeka vitu. B iko katikati. Z ndiyo ya bei kubwa, na sehemu kubwa ya bei hiyo unalipia ruhusa ya kuharakisha prosesa kupita kipimo cha kiwanda. Ruhusa hiyo inatumika tu kwa prosesa ambazo jina lao linaishia na herufi K. Yetu ni 8400 bila K. Kijana alikuwa ameshaanza kuniimbia Z370 kwa sababu ameiona kwenye video. Nikamuuliza inatuongezea nini sisi. Akanyamaza.

Kwa AMD mambo ni mapole kidogo. Tundu lao la AM4 limepokea prosesa za Ryzen za vizazi vingi, na chipseti B450 ya mwaka 2018 inakubali hata za mwaka 2020 baada ya kusasisha bayosi. Lakini kwenye kadi nyingi, kusasisha kunahitaji prosesa ya zamani iwe ndani kwanza. Aliyenunua kadi na prosesa mpya peke yake anaweza kukaa na skrini nyeusi kama mimi.

Halafu kuna umeme, na hapa sisi wa sola hatufanani na watu wa kwenye video. Betri ya ampea 100 kwa volti 12 ina wati-saa 1200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Kompyuta inayocheza pamoja na skrini yake ikila wati 200, unapata masaa matatu, na hata hayo hayatimii kwa sababu inveta nayo inakula. Kwa hiyo kadi ya picha tuliichukua GTX 1050 Ti, isiyozidi wati 75, ambayo kwa kawaida inakunywa umeme kupitia kadi mama yenyewe. Na kama mashine yenu ni Dell au HP iliyotoka ofisini, angalieni kwanza waya za sanduku la umeme: nyingi zina vichwa vya umbo lao wenyewe, visivyoingia kwenye kadi mama ya kawaida.

Jambo jingine ni memori. Kadi za H110 ziko zinazotumia DDR4 na ziko zinazotumia DDR3L. Kizazi cha 8 kinataka DDR4. Yetu ilikuwa DDR4, kwa bahati tu, si kwa akili yangu.

Safari hii kabla ya kutuma pesa nilidai muuzaji aandike kwenye simu jina kamili la kadi mama na chipseti, aseme kama bayosi inaijua i5-8400, na apige picha ya tundu likiwa wazi, vijimiguu vimesimama vyote. Kimoja kikipinda, kadi inaweza kukataa kufanya kazi. Alinung'unika, akapiga.

Tukachukua H310. Ilipofika niliigeuza mikononi nikitazama vile vitone vyeupe vinavyoshikilia kila kipande. Ni bati hasa, na bati linatoka kwenye kasiteriti. Sisemi la kadi yangu lilichimbwa Kalima, lakini nilicheka peke yangu: jiwe linatoka Maniema kwenye gunia, sisi tunalinunua kwa dolari likiwa kitone.

Iliwaka siku ile ile. Deni la sanduku bado silijamaliza. Pesa za mechi zinaingia kwenye daftari langu, si mfukoni mwa kijana. Ile H110 na i3 yake nimemuuzia mama wa Kabambare, mtoto wa dada yake ataitumia kuandika. Ndani ya sanduku nimebandika karatasi: “Kizazi cha 6 na cha 7 tu. Msiniulize cha 8.”