Mwalimu na Kishikwambi: Mashaka Yenye Sababu

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Tangu hapo mwalimu wa Makorora, sawa na mwenzake wa Handeni, anatarajiwa kuingia darasani na chaki pamoja na kifaa. Anayesitasita huitwa mshamba. Sisi tunaona mashaka yake yana sababu.

Mkoani kwetu Tanga, kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto wapatao 2,700 wa vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, lililoendeshwa kwa kushirikiana na UNESCO, WFP na Serikali. Watoto wengi hawakuwahi kusoma shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Walijifunza bila mwalimu. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 onebillion na Kitkit School waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Akisikia hayo, mwalimu ana haki ya kuuliza: kazi yangu ni ipi sasa?

Swali hili si geni. Katika Phaedrus, Plato anasimulia jinsi mfalme Thamus alivyoyatilia shaka maandishi, kwamba yangedhoofisha kumbukumbu. Hata hivyo, hadithi hiyo imetufikia kwa sababu Plato aliiandika. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino anamfananisha mwalimu na tabibu. Tabibu huusaidia mwili ujiponye. Vivyo hivyo mwalimu hamimini elimu kichwani, bali huisaidia akili ya mwanafunzi itende kazi yake yenyewe.

Ikiwa mwalimu hamimini elimu, kishikwambi nacho hakiimimini. Tukumbuke ile nusu nyingine ya watoto, ambao baada ya miezi 15 bado hawakuweza kusoma. Kifaa hurudia somo bila kuchoka, lakini hakitambui kwamba mtoto amenyamaza kwa njaa, kwa hofu au kwa msiba wa nyumbani. Mwalimu hutambua.

Basi tusiwaulize walimu kama wanaipenda teknolojia. Tuwape mafunzo, umeme na muda wa kujaribu, kisha tuwaulize: ni mtoto yupi darasani kwako ambaye kifaa hiki kitamsaidia, na ni yupi anayekuhitaji wewe?