Bondia aliyeomba msaada mabasini alivyoivunia Mexico nishani

KABLA ya kuipa Mexico nishani yake ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mnamo 2016, bondia Misael Rodríguez alikuwa amepanda mabasi ya Mexico City, si kama abiria bali kuomba msaada.

Mzaliwa huyo wa Parral, jimbo la Chihuahua, alikuwa miongoni mwa wanamasumbwi wa timu ya taifa ambao mnamo 2015 walilazimika kuchangisha pesa kwa umma ili wafike Doha, Qatar, kwa Mashindano ya Dunia. Mamlaka ya michezo ya serikali, Conade, ilikuwa ikizozana na shirikisho la ndondi, na fedha za timu zikakwama. Fahali wawili walipigana. Nyasi zilizoumia ni vijana hao.

Ajabu ni kwamba hayo yalitokea katika nchi inayoienzi ndondi. Mexico ndiko nyumbani kwa Julio César Chávez na Saúl Álvarez, maarufu kama Canelo, ambao mapigano yao yalizoa mamilioni ya dola. Lakini bondia wa kulipwa ana promota, mkataba na mgao wa pato la televisheni. Wa ridhaa hana lolote kati ya hayo. Hategemei ujira wa pigano bali shirikisho na serikali, na wakubwa wakikosana, hana pa kukimbilia.

Jijini Rio, zaidi ya juma moja lilipita Mexico ikiambulia patupu, huku wakuu wa michezo wakishutumiwa vikali nyumbani. Ndipo Rodríguez, katika uzani wa kati wa kilo 75, alipombwaga Hosam Bakr Abdin wa Misri kwenye robo-fainali. Katika ndondi za Olimpiki, wote wawili wanaoshindwa nusu-fainali hutuzwa shaba. Hivyo ushindi huo pekee ulitosha kumhakikishia nishani.

Picha zake za mabasini zikaanza kusambaa upya. Mashabiki wengi hawakuwa wamewahi kumwona ulingoni, ila walifahamu maana ya kuomba nauli. Umaarufu wake ulitokana na dhiki hiyo sawa na makonde yake, na kila pongezi za viongozi zikajibiwa kwa kejeli.

Bektemir Melikuziev wa Uzbekistan alimzima katika nusu-fainali. Hata hivyo, shaba ya Rodríguez ilikuwa nishani ya kwanza ya Mexico katika ndondi za Olimpiki tangu Cristián Bejarano apate shaba Sydney mnamo 2000.

Michezo ya Tokyo ilipofanyika 2021, Rodríguez alikuwa tayari amehamia ndondi za kulipwa. Mexico ilisubiri hadi Paris 2024 kupata nishani nyingine ya ndondi, Marco Verde wa Mazatlán alipotwaa fedha katika uzani wa kilo 71.